Sauti Yangu Ilipoanza Kusema Peke Yake

Mzee yule alifika Mikumi asubuhi, saa ambayo madereva wa malori hutoka kwenye nyumba za wageni kutafuta chai. Nilikuwa mbele ya mgahawa wangu kando ya barabara kuu, nikigeuza chapati. Aliegemeza baiskeli kwenye nguzo, akavua kofia, akasubiri nimalize na mteja. Nilimfahamu kwa sura tu. Alikuwa mmoja wa wafugaji waliohamia upande wetu kutoka kanda ya ziwa, na mara mojamoja alituletea maziwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa yale uliyoyasema."

"Niliyoyasema wapi?"

"Kwenye simu. Ya masomo. Binti yangu amemaliza kidato cha sita, yuko nyumbani tu. Nikaona badala ya kuhangaika na watu wa mjini, nije kwako mwenyewe uliyetangaza."

Nilidhani amenifananisha. Akatoa simu mfukoni, akaigusagusa kwa kidole kigumu cha mchunga ng'ombe, akanipa. Kwenye kioo niliona majengo marefu na vijana wa kila rangi wakicheka chini ya miti yenye maua meupe. Halafu nikajisikia. Sikusikia mtu anayefanana nami. Nilijisikia mimi mwenyewe, na ule mkwaruzo wa koo unaonijia nikianza sentensi, na ile tabia yangu ya kulivuta kidogo neno la mwisho.

"Ndugu zangu," nilikuwa nikisema, "mlango uko wazi. Kijana wako anaweza kuja kusoma huku bila malipo. Urafiki wetu hauna mipaka."

Chapati iliungua nikiiangalia. Maneno yale sikuwahi kuyatamka maishani mwangu.

"Ni wewe, siyo?" mzee akauliza.

"Sauti ni yangu, mzee. Lakini aliyesema siyo mimi."

Alinitazama kama mtu anayeambiwa kwamba ng'ombe aliyesimama mbele yake si ng'ombe. Hakubisha. Alivaa kofia yake, akasema atarudi nikipata nafasi, akapanda baiskeli. Nilibaki na mwiko mkononi, na kuanzia saa ile sikutulia.

Inabidi nieleze sauti yangu ilifikaje huko. Babu yangu alikuja Kilosa kutoka Kigoma akiwa manamba, kibarua wa mkataba kwenye mashamba ya mkonge, na mkataba ulipokwisha hakurudi kwao. Mimi nilizaliwa Munisagara, kando ya reli ya kati, wazazi wangu wakilima mahindi na mbaazi. Ndani ya nyumba mama alizungumza nasi Kiha, lugha ya Kigoma. Kiswahili tulikipata shuleni na kwa majirani, na nadhani ndiyo sababu nilikitunza, kama mtoto anavyotunza nguo ya kutokea. Nikaishia kuwa mtangazaji kwenye redio ndogo ya jamii mjini Kilosa. Nilisoma matangazo ya vifo, bei za mazao, na tahadhari mto Mkondoa unapojaa.

Kisha zikaja habari kwamba nchi moja ya mbali inatafuta watu wa kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia zake. Nchi hiyo sitaitaja. Baadaye niligundua kwamba si yenyewe peke yake inayofanya hivyo, na sipendi msomaji aishie kugombana na ramani. Nilikwenda Dar es Salaam, nikasoma kurasa nilizopewa, nikalia pale palipoandikwa nilie. Wakanichukua.

Nilikaa huko miaka kadhaa. Chumba cha kazi hakikuwa na dirisha na kuta zake zilifunikwa sponji. Nilivaa hedifoni, na mbele yangu kwenye kioo mwanamke wa nchi ile alifungua mdomo, nami nikauwekea maneno. Nafasi yangu kubwa ilikuwa ya mke aliyeolewa kwenye familia ya kitajiri, ambaye hakukubali kunyamazishwa na mama mkwe wake. Nilimpenda. Siku nyingine nilitoka chumbani na hasira zake, nikawajibu wenzangu vibaya kwenye foleni ya chakula.

Aliyetusimamia alikuwa mwanamke wa kule, wa rika langu, aliyesomea Kiswahili chuo kikuu. Alijua methali nyingi na alizimwaga hata pasipohitajika. Alikuwa mkarimu. Nilipougua alinipikia uji mwepesi wa mchele, akakaa kitandani kwangu mpaka nilipoumaliza. Siku moja, tukiwa mapumzikoni, aliniambia:

"Unajua, dada, ninyi mnafanya kazi ya mabalozi."

"Mabalozi wana magari yenye bendera," nikamjibu. "Sisi tunapanda basi."

Akacheka. Nikaona niulize lililokuwa likinisumbua muda mrefu.

"Na sisi je? Tamthilia zetu zitasemwa kwa lugha yenu lini? Watu wa hapa wataiona lini Kilosa?"

Alifikiri kwa uaminifu, nilimwona. "Taratibu," akasema. "Haba na haba." Kisha akatazama saa, tukarudi chumbani.

Wakati huohuo nchi ile ilikuwa ikigawa madishi na ving'amuzi vijijini. Munisagara nayo ikapata. Moja lilifungwa shuleni, moja ofisi ya kijiji, na machache kwenye nyumba za watu, ya mama ikiwemo. Mama alinisimulia kwa simu jinsi wageni walivyokuja na magari meupe, wakahutubia juu ya urafiki wa mataifa, ngoma ikachezwa, wakaondoka kabla wali haujaiva. Hotuba zile hakuna aliyezikumbuka. Lakini jioni sebule ya mama ilijaa wanawake wa jirani, na wote waliingia katika ugomvi wa ile familia ya kitajiri kana kwamba nyumba yenyewe iko ng'ambo ya reli.

"Leo nimekugombeza," mama aliniambia mara ya kwanza aliponisikia. "Mkwe hajibiwi vile."

"Siyo mimi, mama. Ni yule dada wa kwenye tamthilia."

"Najua. Lakini mdomo ni wako."

Na mwanamke mmoja wa jirani, mama akasema, alikaa kimya kipindi kizima, mwishoni akaguna: kumbe hata wao wana mama wakwe. Nilipolisikia hilo ndipo nilipoielewa kazi yangu. Nchi ambayo jana ilikuwa bendera tu kwenye mifuko ya simenti, leo ilikuwa na wifi mchonganishi na mtoto anayedeka. Watu wakianza kukugombeza maana yake wameshakupenda. Nilijivunia, na nilihisi pia kama nimemfungulia mtu mlango wa nyumba isiyo yangu peke yangu.

Baba alipofariki mkataba wangu ulikuwa unaelekea ukingoni, nikarudi. Kilosa niliiona ndogo, Munisagara niliiona kimya mno, nikachagua Mikumi kwa sababu ya barabara. Kuna kitu kinachopita muda wote. Madereva walinigundua kwa kusikia, kabla ya kunitazama. Nikiuliza tu, "Kaka, supu au maharage?" mtu alikuwa akigeuka. "Dada, wewe siye yule mkorofi wa kwenye tamthilia?" Wengine waliomba niwagombeze kidogo ndipo wale. Sikuchukia. Ilikuwa sauti yangu, ilirudi nami, na nilijua kila ilichowahi kusema.

Hiyo ndiyo imani iliyovunjika siku ya mzee na baiskeli.

Nilinunua bando, nikaketi kwenye kreti nyuma ya jiko, nikaanza kutafuta. Video fupi zilikuwa nyingi. Katika moja nilisifu matrekta. Katika nyingine nilieleza namna treni zao zinavyopita chini ya milima, nikafundisha mapishi ya tambi, nikawatakia watu heri ya sikukuu ambazo mimi sizisherehekei. Katika moja nilijibu, kwa upole mkubwa, maneno ambayo gazeti la nchi nyingine liliandika kuibeza nchi ile. Sikujua hata ugomvi wenyewe ulihusu nini.

Halafu nikafika kwenye ile ya mafuriko. Mvua za msimu ule zilikuwa zimelijaza bonde, maji yakaingia kwenye nyumba za watu. Video ilionyesha picha za Kilosa, barabara niliyoijua imegeuka mto, na juu yake sauti yangu ikasema, "Poleni sana, ndugu zetu wa Kilosa. Tuko pamoja nanyi."

Niliirudia mara kadhaa. Kila niliporudia nilisimama, nikatembea mpaka barabarani, nikarudi kwenye kreti. Mteja alilalamika kwamba chai ina chumvi. Nilimpa nyingine, nayo nikaitia chumvi. Mchana nilifunga mgahawa, jambo nisilolifanya hata nikiwa na homa, nikaenda kukaa mahali malori yanapoegesha, kwa sababu kelele za injini ziliniwezesha kutosikia kichwa changu.

Jioni mama akapiga simu. Mama macho yake yana mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu, kwa hiyo kwake mtu ni sauti kwanza, sura baadaye.

"Umesafiri lini?" aliuliza. Hakungoja hata nimwamkie.

"Shikamoo, mama. Sijasafiri. Niko Mikumi."

"Usinidanganye. Majirani wamenisikilizisha leo hapa. Unatupa pole ya maji kutoka huko ulikorudi. Mtu aliyeko hapa hasemi poleni. Anasema tumepatwa."

"Mama, ile siyo mimi. Ni kompyuta. Walichukua sauti yangu ya zamani, wakaifundisha mashine. Wanaita akili mnemba. Wakiiandikia maneno, inayasema kama mimi."

Nilisikia kuku wakiingia bandani upande wa pili.

"Inasema chochote?"

"Chochote wanachokiandika."

"Basi hata wewe unayezungumza nami sasa, nitajuaje?"

Nilisimama kati ya malori mawili, simu sikioni, na ninayemhitaji aniamini kuliko mtu yeyote alikuwa ananisikia na hanitambui. Nikataka kumkumbusha jambo la utotoni, nikakumbuka kwamba mengi nimeyasimulia kwenye mahojiano. Kisha likanitoka bila kupanga.

"Mwakeye, mama," nikamwamkia kwa Kiha, na nikaendelea kwa lugha hiyohiyo, ovyo ovyo, kwa makosa ya mtu aliyekaa nacho mbali. Nilimwambia nimechoka, nimetia watu chumvi kwenye chai siku nzima, nina hamu ya mbaazi zake.

Alicheka. Akanisahihisha ile salamu, kwamba ni ya asubuhi. "Haya," akasema kwa Kiha, "sasa ni wewe. Mashine isingekosea hapo."

Kisha sauti yake ikabadilika. "Huyo mwenye mashine mwambie aniombe radhi. Siyo wewe, mimi. Sauti hiyo nimeizaa mimi."

Kesho yake nikampigia simu ya video msimamizi wangu wa zamani. Tulikuwa hatujazungumza muda mrefu. Alipokea akiwa jikoni kwake, amenenepa kidogo, akafurahi kwa dhati. Alinisalimia kwa urefu, akauliza habari za mama, za mvua, za biashara. Nilipomweleza shida yangu alishusha simu juu ya meza, nikawa natazama dari yake. Alipoinyanyua tena alikuwa ameketi.

"Dada, hawakukuibia," alisema. "Kwenye mkataba sauti zilizorekodiwa ni mali ya ofisi. Wewe ulisaini, na mimi nilikutafsiria."

"Nilisaini sauti niliyoitoa. Hizi sijazitoa."

"Ni kweli. Wakati ule hata sisi hatukujua kitu kama hiki kitakuwepo." Akafuta meza kwa kiganja. "Walijaribu sauti nyingi. Watu wa Afrika Mashariki waliamini yako zaidi. Walisema inasikika kama dada yao. Unapaswa kujua hilo. Ni heshima."

"Mama yangu alidhani nimesafiri bila kumuaga."

Hapo alifumba macho. Alijua maana yake, alikuwa amekaa Tanzania enzi za masomo.

"Nisamehe," akasema polepole. "Mimi mwenyewe siku hizi Kiswahili changu kinakaguliwa na mashine. Zamani nilikuwa naikagua mimi, sasa inanikagua yenyewe. Sijui mwakani nitakuwa wapi."

Nilikuwa nimejiandaa kugombana na ofisi, nikakuta mtu ameketi jikoni kwake na hofu ileile yangu. Hasira ilikosa pa kutua. Nilimwambia anachotaka mama. Aliahidi kulipeleka suala langu kwa wakubwa.

Majibu yalikuja baada ya muda, na hayakuwa mabaya kama nilivyotarajia, jambo lililonisumbua zaidi. Wangepunguza kuitumia sauti yangu kwenye habari na siasa. Tamthilia zingebaki. Na walikuwa na pendekezo: wanaanza mradi wa lugha za asili za Afrika, kuzirekodi na kuzihifadhi, ili siku moja simu iweze kuzizungumza. Msimamizi alikumbuka kwamba nyumbani kwetu tunasema Kiha. Je, mimi na mama tungekubali kurekodi? Safari hii kwa mkataba mpya, ulio wazi.

Sikutaka kumwambia mama jambo hilo kwa simu. Nilikwenda. Nilipanda gari la abiria mpaka Kilosa, barabara ikiwa na makovu ya maji, kisha nikachukua bodaboda mpaka Munisagara. Nilimkuta uani amekaa kwenye mkeka, akipukuchua mbaazi kwa kupapasa. Nilimwamkia kwa Kiha kutoka mbali, kabla hajapata muda wa kuwa na shaka.

Nilimweleza pendekezo lote. Nilikuwa na hakika atakataa, na nilikuwa nimejiandaa kumuunga mkono. Aliendelea na mbaazi.

"Itakuwa inajibu?" aliuliza.

"Nini?"

"Hiyo mashine. Nikiisemesha Kiha, itanijibu?"

"Wakimaliza, ndiyo. Ndiyo nia yao."

"Wajukuu zangu hawanijibu," alisema. "Nikiwaita wanakuja, lakini wanakuja na Kiswahili. Baba yako alikuwa ananijibu. Sasa umebaki wewe, na wewe unakaa Mikumi." Alipuliza maganda. "Labda mashine itanijibu."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilitaka kumwambia kwamba ikishajua Kiha, hatutakuwa na mahali pa kujificha tena, kwamba simu ikilia hatajua kama ni mimi. Nikamwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hilo ni kweli," akasema. "Kwa hiyo ninaogopa yote mawili. Kunyamaza naogopa, na kusemeshwa na kisichokuwa mtu naogopa."

Tulikaa. Treni ya mizigo ilipita, akasubiri ipite, kama watu wa pale wanavyofanya katikati ya sentensi bila kujua wanafanya. Halafu akatoa uamuzi wake.

"Waambie nakubali. Lakini waje hapa. Huyo rafiki yako aje akae kwenye mkeka huu, ajifunze kunisalimia. Akiweza kunisalimia, nitampa hadithi zote nilizonazo. Mimi nimeshawaona kwao, jikoni mwao, vyumbani mwao. Wao hawajaona hata mlango wangu."

Niliyapeleka maneno hayo kama yalivyo. Msimamizi aliyapenda, akasema ni maneno ya hekima, akasema pia kwamba mradi unafanyika kwa mtandao, kwamba hakuna fungu la safari, kwamba mama angeweza kurekodi kwa simu akiwa nyumbani na ingekuwa rahisi kwa kila mtu. Nilimjibu kwamba sharti la mama ni hilo moja. Suala likaishia hapo. Hawakutulazimisha, na hawakuja.

Kuhusu yule mzee na binti yake, niliona siwezi kumwacha njiani. Nilitafuta habari na kukuta nafasi za masomo zipo kweli, ingawa njia ya kuziomba ilikuwa ndefu kuliko sauti yangu ilivyosema, na mlango haukuwa wazi kiasi kile. Nilimweleza binti nilichokijua kuhusu kule: baridi, chakula, namna ya kunyamaza kwa adabu, namna ya kukataa kwa adabu. Alikuwa msichana mtulivu anayeuliza swali moja na kulisikiliza jibu. Alipata. Wengine walikosa. Mama mmoja sokoni Kilosa alinikataza kununua nyanya zake, akisema mwanawe amehangaika miezi mizima kwa ajili ya maneno yangu. Nilijaribu kueleza mambo ya mashine, watu wakasimama kusikiliza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo. Nikaondoka bila nyanya.

Mzee alileta maziwa siku binti yake aliposafiri.

"Umetusaidia sana, mwanangu."

"Mzee, nilikwambia. Siyo mimi niliyetangaza."

"Sauti yako ndiyo iliyotuamsha," akasema akifunga dumu. "Wewe na sauti yako mtajuana wenyewe."

Ombi la mama la kuombwa radhi nilikuwa nimelikatia tamaa, mpaka siku moja ukaingia ujumbe wa sauti kutoka kwa msimamizi. Aliniambia ameacha kazi, au kazi imemwacha, hakufafanua. Chini yake kulikuwa na ujumbe mwingine, wa kumpelekea mama. Sikuusikiliza. Siku hiyohiyo nilifunga mgahawa, nikaenda nao Munisagara kama mtu aliyebeba yai.

Tuliusikiliza pamoja uani. Kiswahili chake kilikuwa kilekile, kizuri na kilichopigwa pasi. Alimwamkia mama shikamoo. Akasema, "Mama, nilikuwepo walipoichukua sauti ya binti yako, na sikuuliza itakwenda wapi. Nimekuja kukuomba radhi." Aliweka methali moja tu. Mwishoni sauti yake ilikatika kidogo, akavuta pumzi, ujumbe ukaisha.

Mama aliinamisha kichwa upande simu ilikokuwa.

"Rudia."

Nikarudia. Alisikiliza ule mkatiko wa mwisho kwa makini.

"Ni yeye huyu?" akaniuliza. "Au ni mashine?"

Nilifungua mdomo kumwambia ni yeye. Nilimjua mwanamke yule, nilikula uji wake. Lakini niligundua kwamba sijui. Mtu aliyefanya kazi mle angeweza kuandika maneno yale na kuiachia mashine iyaseme, kwa aibu tu, au kwa uchovu. Na ule mkatiko wa pumzi, nao nimewahi kuambiwa, unaweza kuandikwa.

"Nadhani ni yeye, mama."

"Unadhani."

"Ndiyo."

Alifuta mikono kwenye kanga, akaniambia nibonyeze pale pa kurekodi na nisogeze simu karibu. Kisha akazungumza kwa Kiha, kirefu, taratibu, wala hakuwa na hasira. Sitaandika alichosema, hakikuwa changu. Alipomaliza nilimuuliza kama niongeze tafsiri.

"Usiongeze," alisema. "Akiwa ni mtu, atatafuta mtu wa kumweleza. Huku tuko wengi."

Nikautuma. Tulibaki uani tukiangalia simu iliyolala kwenye mkeka, mimi kwa macho na yeye kwa kuielekezea sikio, mpaka aliponiambia nisimame nikabandike sufuria, kwa sababu nilikuwa natikisa mguu na kumwaga mbaazi. Mpaka naandika haya jibu halijaja. Alama inaonyesha kwamba ujumbe umefika, na kwamba umesikilizwa.